PCS kwenye Harrier Anaconda: ile taa ya njano inakuambia nini, na je mfumo wenyewe unafaa barabara za Dar?

Wadau wa magari habari zenu. Nimeiendesha hii Toyota Harrier ya 2017, tunayoiita Anaconda, vya kutosha sasa naweza kuisemea, na sitagusa siti wala ulaji wa mafuta maana hayo yameshasemwa mpaka basi. Nataka niongelee ule mfumo wa kukuonya kabla hujagonga, ambao watu kibao hapa mjini wanao kwenye gari na hawajui kama wanao, na wengine wanajua ila wameuzima kwa sababu unawapigia kelele. Kwenye Toyota utaona herufi PCS kwenye dashibodi, kwenye Subaru utaona EyeSight, kazi ni ileile, kuangalia mbele na kukushtua.

Msimamo wangu nautoa mapema: mfumo ni mzuri na unafaa hata huku kwetu na bodaboda zetu zote, lakini usipojua inachokuambia utaishia kuibiwa na mafundi au utaizima kabisa siku ambayo ungeihitaji.

Kwanza ieleweke hii kitu sio ngeni. Toyota waliitoa mwezi wa pili 2003 kule Japani na gari walilochagua kuanzia ni Harrier, ile tunayoiita tako la nyani, kwa hiyo baadhi ya tako la nyani zinazozunguka hapa mjini zilitoka kiwandani na rada mbele na mwenye gari hana habari. Subaru walileta EyeSight 2008, wao hawakutumia rada, waliweka kamera mbili juu ya kioo cha mbele zinapima umbali kama macho mawili yanavyopima. Halafu 2015 Toyota wakakusanya vitu vyao vyote kwenye kifurushi kimoja wakakiita Toyota Safety Sense, na Anaconda ilipofanyiwa maboresho katikati ya 2017 ikapewa toleo P, ambalo ni rada pamoja na kamera. Ukinunua Anaconda ya 2014 au 2015 usitegemee kuikuta moja kwa moja, zipo zenye rada na zipo ambazo hazina kabisa, inategemea na package.

Rada iko mbele kwenye grili, nyuma ya ile nembo ya mwewe. Kamera iko juu ya kioo cha mbele karibu na kioo cha kuangalia nyuma. Rada inapima umbali na spidi ya kilichoko mbele, kamera inatambua kama hicho kitu ni gari au mtu au mistari ya barabarani. Zikiona unakaribia kitu kwa spidi ambayo utakigonga, inaanza na mlio wa haraka haraka na skrini ya katikati ya dashibodi inawaka maandishi ya kukwambia ukanyage breki. Ukikanyaga, inakuongezea nguvu ya breki hata kama mguu wako haukukaza sana. Usipokanyaga kabisa inafunga breki yenyewe. Hatua ni hizo tatu, na inaanza kufanya kazi ukiwa kwenye kama kilomita 10 kwa saa kwenda juu, ndio maana kwenye foleni ya kusukumana pale Ubungo asubuhi haikusumbui, na kwa mtu anayevuka kwa miguu inafanya kazi mpaka kwenye kama 80 hivi.

Iliponikalia moyoni ni Mandela Road, kati ya Tabata na Buguruni, mnaijua ile barabara jioni, semi za makontena kutoka bandarini zimejipanga kushoto na kulia. Mbele yangu semi, taa zake za breki hazifanyi kazi hata moja, mimi nikatupa jicho kwenye kioo cha pembeni kuangalia kama naweza kuhama leni, jicho tu, na hapo hapo dereva wa semi kasimama. Nikasikia ule mlio pi-pi-pi-pi, mguu ukashuka kwenye breki kabla kichwa hakijarudi mbele, na nilisikia kabisa pedali inaingia ndani kwa nguvu kuliko nilivyokanyaga mimi. Tukasimama, ile bampa ya chuma ya semi iko juu ya boneti yetu inaangalia kioo. Mke wangu akaniuliza, "Baba Nasra, umeiona saa ngapi?" Nikamwambia ukweli, gari imeiona kabla yangu. Tangu siku hiyo mtu akiniambia PCS ni mapambo ya Wajapani naona kama hajui anachoongea.

Sasa tuje kwenye taa zenyewe, hapa ndio pagumu na ndipo pesa za watu zinapotelea.

Taa za dashibodi zina rangi na rangi zina maana yake kwenye magari yote. Nyekundu ni simama sehemu salama uangalie, njano ni kuna kitu cha kushughulikia ila gari inatembea, kijani au nyeupe ni mfumo uko kazini. Taa ya PCS ni njano. Kwa hiyo ikiwaka ukiwa unaenda Bagamoyo hakuna sababu ya kupaki porini usiku ukapata matatizo mengine, breki zako za kawaida zipo zinafanya kazi kama siku zote, kilichokosekana ni msaidizi tu. Endelea na safari, ongeza umbali na gari ya mbele, ukifika angalia shida ni nini.

Halafu kuna kuwaka na kuna kupepesa, na watu hawatofautishi. Kwenye Toyota za kizazi hiki taa ya PCS ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, mara nyingi maana yake imezimwa. Mtu ameshika swichi ya PCS, au ameshika kile kitufe cha VSC, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ukazimika, maana ukizima VSC na PCS inazimika pamoja nayo. Hii inatokea sana mvua zikinyesha, gari imenasa kwenye tope huko Goba au Kinyerezi, mtu anazima VSC ili tairi zizunguke atoke, anatoka, anaendelea na safari na kesho yake anaulizia bei ya rada. Zima gari, washa tena, itarudi, kwa sababu PCS ukiizima inajiwasha yenyewe kila unapowasha gari upya. Waliitengeneza hivyo makusudi na ninakubaliana nao kabisa.

Ikipepesa na mlio juu ndio inakwambia siwezi kufanya kazi, na hapo napo kuna mawili, kuna siwezi kwa sasa hivi na kuna nimeharibika. Kwenye Subaru wamerahisisha, alama ya EyeSight ikiwa nyeupe imejipumzisha tu, ikiwa ya njano ina hitilafu. Kwenye Toyota inabidi usome mesej kwenye skrini, na skrini zetu hizi zimekuja na Kijapani. Dawa ni moja, piga picha kwa simu, zile programu za kutafsiri picha zinasoma maandishi vizuri tu, hata tafsiri ikija imepinda utaelewa kama inasema safisha au inasema peleka kwa fundi. Fanya hivyo hapo hapo kabla hujazima gari maana ukizima mesej inaweza kuondoka na fundi hataiona. Na nikiwa hapo hapo, yule dada anayeongea Kijapani kila ukiwasha gari hana uhusiano wowote na usalama, anasema hujaweka kadi ya kulipia barabara za kule kwao. Nimekutana na watu wanadhani ni onyo la injini, wanaishi na hofu miaka.

Za "siwezi kwa sasa" ndizo nyingi kwa Dar na nyingi unazimaliza mwenyewe. Jua ni la kwanza, umeacha gari imepaki juani pale Posta tangu asubuhi, unaingia saa tisa ndani ni tanuri, kamera iko imebandikwa kwenye kioo imechemka, inagoma. Washa AC, elekeza upepo kwenye kioo, baada ya muda inarudi yenyewe. La pili jua la usoni, wanaorudi Kimara na Mbezi jioni wanalijua, Morogoro Road inaelekea magharibi na jua linazama mbele yako, kamera inapofuka kama wewe unavyopofuka. Mvua kubwa nayo. Vumbi na matope kwenye nembo ya mbele, chukua kitambaa laini na maji ufute, basi.

Ila kuna mambo tunayafanyia magari yetu wenyewe hapa mjini ambayo mfumo huu hauwezi kuyavumilia, na haya nataka niyakazie.

Ile tinti ya juu ya kioo cha mbele, kale kautepe ka rangi kenye maandishi, kakiziba mbele ya kamera umeifunga macho. Stika nazo, za nenda kwa usalama na nyinginezo, bandika kona ya chini, achana na katikati juu. Kunyanyua gari kwa spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi, najua barabara za mitaani zinatulazimisha na sipingi, lakini rada na kamera zilipimwa kiwandani kwa urefu na pembe ile, ukinyanyua mbele peke yake rada inaanza kuangalia juu na matokeo yake ama inapiga kelele kwa vitu visivyo na shida ama inakaa kimya kwenye shida. Ukinyanyua, nyanyua pande zote sawa na upime upya. Na nembo jamani. Vibaka wakishaondoka na nembo yako unaenda kununua nyingine ya kubandika, ile ya kromu ya kung'aa yenye mapindo, kumbe ile ya mwanzo ilikuwa plastiki bapa iliyotengenezwa mawimbi ya rada yapite. Umeweka bati mbele ya jicho la gari. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaofunga ngao za chuma mbele ya grili.

Kioo cha mbele ndio usiseme. Jirani yangu ana Forester ya EyeSight, kokoto ya lori ikapasua kioo njiani kutoka Kibaha, akaenda duka moja la vioo, wakamfungia kioo kizuri tu, hakivuji wala hakina makosa kwa macho, ila hawakumwambia kwamba kamera zikishatolewa na kurudishwa lazima zipimwe upya kwa mashine na ule ubao wa alama unaowekwa mbele ya gari kwa umbali maalum. Gari ikatoka dukani na taa ya njano. Ukibadilisha kioo kwenye gari ya namna hii swali la kwanza kabla ya bei ni kama wana uwezo wa kupima kamera, na kama hawana wakuambie nani anao. Na kioo chenyewe kiwe cha gari yenye kamera, sio kinachofanana nacho.

Sasa ile inayoliza watu zaidi. Siku moja asubuhi dashibodi yangu iliwaka taa kama Mlimani City mwezi wa kumi na mbili, check engine, VSC, PCS, zote kwa pamoja, na gari inatetemeka kidogo ikiwa sailensa, yaani imesimama na injini inaunguruma. Nikaipeleka kwa fundi umeme mmoja, kaangalia dashibodi kwa sekunde tu.

"Bosi, rada imekufa hii. Tukatafute Gerezani kwenye spea, ya kuchomoa kwenye gari nyingine, nakufungia leo leo."

"Fundi, umeisoma kwenye mashine?"

"Haina haja bosi, si imeandika yenyewe hapo PCS."

"Naomba uisome kwanza fundi wangu, mimi nasubiri, sina haraka."

Akachomeka mashine ya kusoma makosa, ikatoka kodi, yaani namba ya kosa, P0302, maana yake silinda ya pili inamisi, haichomi mafuta sawasawa. Kwenye upande wa rada hakukuwa na kosa lolote lililohifadhiwa zaidi ya kusema imesimamishwa kwa sababu ya injini. Koili ya plagi ilikuwa imechoka. Koili ikabadilishwa, kodi zikafutwa, taa zote zikazima pamoja na PCS. Hii ndio tabia ya hizi gari, injini ikiwa na tatizo kompyuta inajitoa kwenye mambo ya kufunga breki yenyewe kwa sababu haiamini tena taarifa zote inazopata, na Subaru ni hivyo hivyo, check engine ikiwaka EyeSight inazima na taa ya cruise, ile ya kushikilia spidi, inapepesa. Kwa hiyo ukiona PCS na check engine pamoja, anza na injini. Rada ni kitu cha bei na ukinunua ya kuchomoa bado itahitaji kupimwa ielekee sawasawa, usiifikie kabla mashine haijasema kodi ya rada yenyewe. Sisemi mafundi wetu ni wabaya, yule kijana ni mzuri sana kwenye waya na bado naenda kwake, tatizo ni kwamba hizi gari zimetufikia bila vitabu vyake na kila mtu anajifunzia kwenye gari ya mteja.

Udhaifu wake sasa, maana sitaki mtu aniamini nusu. Toleo hili la P lilitengenezwa kwa magari na kwa watembea kwa miguu mchana. Mtembea kwa miguu usiku na baiskeli mchana viliongezwa kwenye kizazi cha pili kilichoanza kuingia sokoni 2018. Kwa hiyo ile mitaa yetu isiyo na taa usiku, Mbagala huko au Gongo la Mboto, mama anavuka na ndoo kichwani, usitegemee gari imuone, hiyo kazi ni yako asilimia mia. Bodaboda anayekatiza kutoka pembeni mita mbili mbele yako hakuna mfumo wa kizazi hiki utakaokuokoa, rada inahitaji muda wa kumuona na yeye hajakupa muda. Na wenye gari zenye ile taa ya njano kwenye vioo vya pembeni inayoonyesha kuna gari ubavuni, kitabu cha Toyota chenyewe kinasema haikutengenezwa kwa pikipiki ndogo, inaweza kuiona na inaweza isiione. Kwa Dar hiyo ni habari kubwa. Geuza shingo.

Kelele za bure zipo, lazima niseme. Kwenye kona yenye nguzo au ukuta mbele, kwenye vipande vya chuma vilivyofunika mitaro wakati wa ujenzi, nyasi ndefu za pembeni, daladala inayokuchomekea halafu inaondoka, hapo utapigiwa mlio na hakuna kilichotokea. Watu wengi wanaizima kwa hili. Kabla ya kuizima bonyeza swichi yake mara moja tu bila kushikilia, utabadilisha umbali wa kuonya, iko ya mbali, ya kati na ya karibu. Mimi mjini nimeiweka ya karibu, nikivuka Kibaha kwenda Chalinze nairudisha ya mbali, na kelele zimepungua sana. Ukishikilia zaidi ya sekunde tatu ndio unaizima, kwa hiyo bonyeza na uachie.

Ile ya kukuonya ukitoka kwenye mstari kwa huku mjini sina mengi ya kuisifia, inaanza kwenye kama 50 kwa saa na inahitaji mistari inayoonekana, barabara ngapi zina mistari? Ila njia nane za Kimara mpaka Kibaha ambako rangi ipo inafanya kazi safi kabisa, na ukihama leni bila indiketa inakupigia, ukiwasha indiketa inanyamaza. Kwa usiku wa safari ndefu mtu umechoka, hiyo peke yake inastahili heshima.

Kwa jumla kama nikipewa uchaguzi kati ya Anaconda mbili bei moja, moja ina paa la kioo nyingine ina Safety Sense inayofanya kazi, nachukua ya pili bila kufikiria. Lakini hiyo "inayofanya kazi" uithibitishe yadi kabla hujalipa. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini uangalie dashibodi, taa ya PCS inatakiwa iwake pamoja na zenzake halafu baada ya sekunde chache izime. Ikibaki inawaka au kupepesa, muulize muuzaji na omba isomwe kwenye mashine mbele yako. Isipowaka kabisa tangu mwanzo kwenye gari ambayo ina swichi ya PCS na kamera juu ya kioo, huenda kuna mtu ameitoa taa ili usiione, na hiyo gari iache hapo hapo ilipo. Halafu zunguka mbele uangalie nembo kama ni bapa ya plastiki, angalia kioo kama kina alama ya kiwanda sawa na vioo vya milango, na chungulia kwenye springi za mbele kama kuna spesa.